Mwiko wa Gesi: Jinsi Chuma Kilichoyeyuka Kinavyokorogwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliojaza viti vya nyuma mkaacha vya mbele vitupu kama ilivyo desturi yetu: hamjambo nyote.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mwendo wa viowevu na gesi katika usafishaji wa chuma cha pua. Nilipokuwa kwenye basi nikijipanga niliona neno moja linatosha. Nimekuja kuzungumzia kukoroga.

Bibi yangu alikuwa akibandika tui la nazi jikoni, mkono wake hautoki chunguni mpaka lichemke. Ukiliacha, tui linakatika, mafuta yanakwenda huku na maji kule. Ukilivuruga kwa pupa linamwagika kwenye mafiga na moto unazimika. Hakuwa na saa wala kipimajoto. Alikuwa anatazama uso wa tui, unavyotetemeka na unavyovimba, na uso huo ndio uliomwambia akoroge vipi. Miaka mingi baadaye nilipoingia kiwandani nilikuta wazee wa zamu ya usiku wanafanya kazi ileile, ila chungu chao kilikuwa na tani 100 na joto la nyuzi 1,600 za Selsiasi.

Chungu hicho tunakiita ledo. Ni ndoo kubwa ya bamba la chuma, ndani imejengewa matofali ya kuhimili moto. Ledo ya tani 100 haitishi kwa umbo kama mnavyodhani: kipenyo cha ndani kama mita 2.6, kina cha chuma kama mita 2.7. Mtu mrefu akisimama ndani na kunyoosha mkono juu, vidole vyake vitakaribia usawa wa chuma. Asimame ikiwa tupu na imepoa, tafadhali.

Juu ya chuma huelea slagi. Wazee waliiita mavi ya chuma, jina zuri sana kwa ile inayotupwa nje ya tanuri. Kwenye ledo jina hilo linaidhulumu. Hapo tunaitengeneza kwa makusudi, chokaa nyingi na alumina (oksidi ya alumini) kiasi, ili iwe sabuni ya kile kilicho chini yake.

Sasa, kwa nini tukoroge? Ledo ikikaa kimya, chuma kinachogusa ukuta kinapoa, kikipoa kinakuwa kizito, kikiwa kizito kinateremka na kutuama chini. Ukichovya kipimajoto juu, kinakudanganya. Aloi ulizotupa, yaani metali za kukipa chuma sifa zake, zinabaki zilipoangukia. Salfa, uchafu tunaotaka kuutoa, imo ndani ya chuma, chokaa ya kuipokea iko juu, na hakuna wa kuwakutanisha. Lazima kikorogwe. Lakini kwa mwiko gani? Wa mbao utateketea kabla haujagusa. Wa chuma utayeyuka ukawa sehemu ya mchuzi, maana chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kwa ledo, mwiko ni mwiko.

Kinachobaki ni gesi. Kwenye sakafu ya ledo panawekwa kizibo cha udongo wa kuhimili moto, chenye vinyweleo au mianya myembamba sana. Gesi inapita kwenda juu, chuma hakipiti kwenda chini, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hakilowanishi udongo ule na mvutano wa uso wake ni mkubwa mno kujipenyeza kwenye mwanya mdogo vile. Angalau ndivyo inavyotakiwa. Presha ya gesi ikikatika ledo ikiwa imejaa, chuma kidogo huingia kwenye mianya na kuganda humo, na safari inayofuata kizibo kimeziba. Hapo ledo tupu inalazwa ubavu, na fundi mwenye bomba la oksijeni anaunguza ule uchafu mpaka pafunguke. Kazi ya moto, ya vumbi, na hakuna anayeipigania.

Gesi ipi? Mwaka 1856 Henry Bessemer wa Uingereza alitangaza kwamba amepuliza hewa ya kawaida ndani ya chuma ghafi kilichoyeyuka. Watu walitegemea kipoe. Badala yake kilizidi kuwaka, kwa kuwa oksijeni ilikuwa inaunguza kaboni na silikoni zilizomo, na joto la kuungua huko likatosha kukiweka majimaji. Alikuwa amepata chuma cha pua kwa dakika chache bila kuongeza hata kaa moja la mkaa. Lakini zaidi ya robo tatu ya hewa ni naitrojeni, na naitrojeni huyeyuka ndani ya chuma cha moto kama sukari ndani ya chai. Chuma cha namna ile kikawa na sifa ya kuvunjika bila kuaga. Kwa hiyo hewa haifai kwa kukoroga kitu ambacho tayari umeshakisafisha. Naitrojeni tupu hutumika hapa na pale kwa sababu ni rahisi kwa bei, ila kwa chuma ambacho mteja hajali sana.

Ikabidi tumtafute mvivu. Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walikuwa wanashughulika na jambo dogo lililowasumbua: naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko naitrojeni iliyotengenezwa kwa kemikali. Wengine wangesema mizani mbovu. Wao walifuata ule uzito wa ziada mpaka wakamkuta mgeni aliyejificha humo, gesi isiyoungana na chochote, wakaiita agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Katika hewa tunayovuta humu ukumbini imo kama asilimia 0.93. Mvivu huyo ndiye anayefaa kwenye ledo: anaingia, anakoroga, anatoka, haachi kitu nyuma.

Wanafunzi, toeni kalamu.

Tuseme tunapitisha agoni lita 300 kwa dakika, zikipimwa kwa joto na presha ya kawaida. Kwa tani 100 hicho ni kiasi cha wastani. Gesi ikiingia, kwanza inakutana na joto. Kutoka sifuri ya Selsiasi hadi nyuzi 1,600 inatanuka karibu mara saba. Halafu kuna uzito wa chuma juu yake. Mzamiaji anayeshuka mita 10 baharini huongezewa mgandamizo sawa na wa anga zima lililo juu yetu. Ndani ya chuma kilichoyeyuka, mita moja na nusu tu inatosha kuleta mzigo huohuo. Kwa hiyo kiputo kinazaliwa chini kikiwa kimebanwa karibu mara tatu, na kadiri kinavyopanda kinaachiwa. Lita 300 zilizosomwa kwenye mita zinatokea juu zikiwa zaidi ya 2,000. Vile viputo havitembei kwa adabu kimoja kimoja: vinakatika, vinaungana, vinakuwa na umbo la kofia, na vinakokota chuma kwenda juu pamoja navyo kama mkondo. Kikifika juu, chuma kinasambaa pembeni chini ya slagi, kinagonga ukuta, kinateremka, kinarudi kwenye mkondo.

Nguvu inayofanya yote haya ni kiasi gani? Ukipiga hesabu ya kazi ya gesi hiyo inapotanuka kutoka sakafuni hadi juu, unapata kama kilowati 3.6. Kwa tani 100! Hizo ni birika mbili za umeme za kuchemshia chai. Kreni inayoibeba ledo hiyo inakula umeme mwingi kuliko huo mara nyingi. Mara ya kwanza nilipopata jibu hilo niliamini nimekosea sufuri moja nikarudia hesabu mara tatu.

Mwaka 1975 Nakanishi, Fujii na Szekely waliweka pamoja vipimo vya vyombo vya aina mbalimbali, wakaona kwamba muda wa chuma kuchanganyika unafuata kanuni moja nyepesi. Julian Szekely alikuwa mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha chuo cha MIT, Marekani, na wengi wetu tuliosoma fani hii tumepitia mikononi mwa kazi zake hata kama hatukumwona. Chukua nguvu ya kukoroga kwa wati kwa kila tani, ipandishe kwa kipeo cha 0.4, kisha gawanya 800 kwa jibu hilo. Umepata sekunde. Mfano wetu una wati 36 kwa tani: inatoka kama sekunde 190, dakika tatu na kidogo.

Sasa mwongezee agoni mara mbili. Mtu atasema muda utapungua nusu. Thubutu! Unashuka hadi sekunde 145. Ukitaka nusu kamili ya ule wa mwanzo, itabidi ufungue vali karibu mara sita. Kipeo hicho cha 0.4 ni bahili kweli, na bado hatujaanza kuhesabu hasara inayokuja na gesi nyingi.

Nimeulizwa mara nyingi: haya yote mmeyajuaje, wakati chuma ni kama ukuta, jicho halipiti ndani yake? Jibu ni maji. Mnato wa chuma kilichoyeyuka ni kama mara sita ya maji, lakini uzito wake nao ni mara saba, hivyo ukigawanya mnato kwa uzito unakuta vimiminika hivi viwili ni kama pacha. Vinatiririka kwa namna moja. Ndiyo maana maabara nyingi duniani zina pipa la plastiki angavu lenye maji, tundu chini, na bomba la hewa. Unatengeneza ledo kwa theluthi ya vipimo vyake. Kiasi cha gesi hakiishii kwenye theluthi, kinashuka hadi takriban asilimia 6.4, ukifuata namba ya Froude inayolinganisha kasi ya mkondo na mvuto wa dunia. Unamimina maji ya chumvi kidogo juu, unachovya vihisio vya umeme pembeni na chini, unangoja. Vihisio vyote vikikubaliana ndani ya asilimia tano, unasimamisha saa.

Mimi nilikaa miezi na pipa la namna hiyo. Badala ya chumvi nilipenda wino, ingawa mwalimu wangu alinikemea kwamba wino haupimiki. Wino unaonyesha. Kizibo kikiwa katikati kabisa, wino unapanda, unatawanyika kama mwavuli, unateremka ukutani, na mduara unajirudia pande zote sawasawa. Mzuri kuangalia. Lakini chini, pembeni ya sakafu, panabaki pete ya maji ambayo wino unapita juu yake bila kuingia. Unangoja, unangoja. Hapo ndipo chuma baridi kinapolala. Ukisogeza tundu hadi nusu ya njia kati ya katikati na ukuta, ule mduara mzuri unaharibika: upande mmoja unapanda, wote uliobaki unakuwa duara moja kubwa linalofagia mpaka kona. Ni sura mbaya na kazi nzuri. Muda wa kuchanganyika unapungua bila kuongeza hata lita moja ya gesi. Ndiyo sababu ledo nyingi zina kizibo pembeni, na kubwa zina viwili. Gharama yake ni matofali ya ukuta ulio karibu, yanapigwa na mkondo na kulika mapema.

Maji yana uongo wake pia. Mvutano wa uso wa chuma ni zaidi ya mara 20 ya wa maji, na kwa vile hakilowanishi kizibo, gesi inatambaa juu ya udongo na kutoka kwa viputo vikubwa kuliko unavyoviona pipani. Mwaka 1995 Dipak Mazumdar wa chuo cha IIT Kanpur, India, na Roderick Guthrie wa chuo cha McGill, Kanada, walichapisha mapitio ya kazi zote za maji na za hesabu kuhusu ledo zinazokorogwa kwa gesi, na ukiisoma unaona jinsi watu walivyohangaika na swali hilohilo: pipa linasema kweli mpaka wapi? Siku hizi kompyuta inachora mkondo wote kwa rangi za kupendeza. Rangi hizo zisiwalevye. Ukiikosea ukubwa wa viputo, itakuchorea kosa lako kwa rangi zilezile.

Sasa nifike kwenye kiini cha kilichonileta.

Agoni ina kazi mbili kwenye ledo, na kazi hizo zinagombana. Ya kwanza ni kutoa salfa. Chokaa ya slagi inaipokea salfa, inaachia oksijeni, na alumini iliyomo ndani ya chuma inaikamata oksijeni ile. Biashara hii inafanyika mpakani, pale slagi na chuma vinapogusana, kwa hiyo unataka mpaka uwe mkubwa iwezekanavyo. Unafungua vali. Mkondo unarusha slagi, unaikatakata matone yanayochovya ndani ya chuma na kurudi. Kelele, cheche, mwanga. Hapo nguvu ni halali.

Ya pili ni kutoa vumbi. Ile alumini iliyokamata oksijeni imekuwa alumina, vijichembe vigumu vilivyotapakaa ndani ya chuma. Ni vyepesi, vinapaswa kuelea vyenyewe. Vitaelea, ukiwa na subira. Kijichembe cha mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, kinapanda kama milimita tatu kwa sekunde, na katika robo saa hivi kimefika juu. Cha mikromita 10 kinapanda polepole mara 100. Kutoka sakafuni mwa ledo yetu kitahitaji zaidi ya saa 24, na muda huo chuma kitakuwa kimeganda zamani. Kwa hiyo hatungoji. Viputo vinapanda, vijichembe vinavikwepa au vinanaswa, vingine vinagongana vyenyewe na kuwa vifungu vikubwa, na vyote vinapelekwa kwenye slagi inayovimeza. Kiputo kidogo kinanasa vizuri kuliko kikubwa. Mkondo wa upole unavifikisha mpakani bila kuvirudisha. Kazi hii tunaiita kusuuza.

Tunasuuza kwa dakika kama tano hadi kumi mwishoni, baada ya kuingiza waya wenye metali ya kalisi. Kalisi yenyewe ni kituko: inachemka kwenye nyuzi 1,484, kwa hiyo ikiingia kwenye chuma inageuka mvuke papo hapo na ledo inanguruma. Inabadilisha vijichembe vigumu vya alumina kuwa matone laini yasiyoganda kwenye midomo ya mashine ya kumimina. Baada ya ngurumo hiyo chuma kinahitaji utulivu. Na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa kudhani kwamba kama kukoroga kunasafisha, basi kukoroga zaidi kunasafisha zaidi.

Tazameni uso. Gesi ikiwa nyingi, mkondo unaisukuma slagi pembeni na katikati panafunguka jicho. Tunaliita hivyo kweli, jicho, na ni jicho linalong'aa kuliko kitu chochote kiwandani, chuma uchi kinatazamana na hewa. Oksijeni ya hewa inaingia humo na kuunda alumina mpya. Naitrojeni nayo inaingia, ileile iliyomsumbua Bessemer. Slagi pembeni ya jicho inakatika matone yanayozamishwa na mkondo. Matofali yanakwanguliwa. Unatoa uchafu kwa mkono wa kulia na kuuingiza kwa wa kushoto. Wakati wa kusuuza jicho linatakiwa lisifunguke kabisa, au likifunguka lisizidi sahani ya chai. Ninachokitaka ni uso unaotetemeka kama maziwa yanayotaka kuchemka, slagi inainuka na kushuka taratibu bila kupasuka.

Niliyajua haya yote kwenye karatasi kabla ya kuyajua kwa macho. Nilikuwa mhandisi mpya, nimekaa kwenye chumba cha vioo mbele ya skrini, na mita ya agoni ilisoma lita 120 kwa dakika, thabiti kama nguzo. Nikaandika: kusuuza dakika nane, sawa. Fundi mkuu wa zamu akapanda ngazi, akavaa miwani yake ya buluu, akachungulia ledo, akarudi kwangu.

"Mwanangu, unasuuza?"

"Ndiyo mzee. Lita 120."

"Njoo uone."

Uso wa slagi ulikuwa umelala. Ukoko wa kijivu, hauna hata mkunjo. Hakuna kilichokuwa kinapanda. Chini ya ledo kiungio cha bomba kilikuwa kimelegea na agoni yote ilikuwa inamwagika shimoni.

"Mita inajua gesi imetoka," akaniambia. "Haijui imefika wapi."

Muda ulikuwa umekwisha, mashine ya kumimina ilikuwa inasubiri, na kwa aibu yangu niliiachia ledo iende. Haikufika saa moja mdomo wa mashine ukaanza kuziba, alumina ikijijenga humo kama ukoko wa sufuria, na mwisho wake mkondo ukakatika. Chuma kilichobaki kikarudishwa kuyeyushwa upya. Ripoti niliiandika mwenyewe, na sehemu ya sababu niliifuta na kuiandika mara nne.

Tangu siku ile nasoma mita mbili pamoja, sisomi moja. Gesi ikipita vizuri kwenye kizibo, presha nyuma yake inasimama pale ulipoizoea. Kizibo kikianza kuziba, presha inapanda na gesi inapungua. Bomba likivuja, gesi inaonekana nyingi na presha inaanguka, yaani mita inakupongeza wakati unaharibikiwa. Viwanda vingine vimefunga vihisio vya mtetemo kwenye ukuta wa ledo, au kamera zinazopima ukubwa wa jicho. Vyombo vizuri hivyo. Vinafanya kazi ya yule mzee.

Kuhusu lile shimo nataka niseme jambo ambalo halihusu chuma. Agoni ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi. Haina rangi, haina harufu. Ikivuja inateremka mahali pa chini na kukaa. Anayeingia humo hapati onyo: mwili wa binadamu hulalamika kaboni dioksidi ikizidi, haulalamiki oksijeni ikikosekana. Hakabwi, hakohoi, anaanguka tu. Na anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Msiingie shimoni bila kipima oksijeni, hata kama bosi ana haraka, hata kama ni kufunga nati moja. Siku ile fundi wa bomba alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Mzee alimvuta kwa ukosi wa koti.

Sasa mtaniuliza haya yanatuhusu vipi sisi, maana nondo zetu nyingi hapa Afrika Mashariki zinatokana na chuma chakavu kilichoyeyushwa kwenye matanuri ya induksheni, yanayopasha chuma joto kwa umeme, na viwanda vingi vya namna hiyo duniani havina kituo cha ledo kamwe. Kweli, tanuri la induksheni linajikoroga lenyewe kwa sumaku, na ukiangalia juu unaona chuma kimevimba katikati kama andazi. Kwa kuchanganya joto na aloi linatosha. Kwa kusafisha halitoshi: matofali yake mengi ni ya silika, hayavumilii slagi ya chokaa nyingi, kwa hiyo salfa uliyoinunua kwenye skrepa ndiyo utakayoiuza kwenye nondo. Kuongeza ledo yenye kizibo na slagi nzuri kungebadilisha hilo.

Lakini msirudi nyumbani mkidhani agoni ni dawa ya kila ugonjwa. Shaba iliyotoka kwenye mota za zamani haitoki kwa kukorogwa hata ukikoroga mpaka kesho, kwa sababu chuma kinapenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda, na kila mtego wa kuinasa shaba utakamata chuma kwanza. Dawa yake ni mtu wa kuchambua skrepa, anayeketi juani na nyundo kutoa waya. Fosforasi nayo inatolewa mapema, chuma kikiwa bado na oksijeni nyingi. Ukiacha slagi ya tanuri imwagikie kwenye ledo, halafu ukaweka alumini na kukoroga kwa nguvu, fosforasi iliyokuwa imeshatoka inarudi ndani. Kwa hiyo yule anayeinamisha tanuri, na kujua lini asimamishe kumimina kabla slagi haijafuata, ameshaamua nusu ya kazi ya mwenye agoni.

Nimezungumza vya kutosha. Pale mlangoni mnaona meza. Juu yake kuna ndoo ya plastiki angavu, maji, mafuta ya alizeti yatakayokuwa slagi yetu, wino wa kalamu, na pampu ndogo ya kupulizia matangi ya samaki. Ndoo ina matundu mawili, moja katikati na moja pembeni, nimeyatoboa jana usiku kwa msumari wa moto, mke wangu ni shahidi. Wa viti vya nyuma ndio watangulie, safari hii. Tunaanza na tundu la katikati, pampu ikiwa chini kabisa, na mmoja wenu ashike saa. Mwingine asitazame saa wala pampu. Atazame mafuta tu, na atuambie ni lini jicho limefunguka.